Mkataba si lori la kudandia

Ndugu msikilizaji, wiki hii tuzungumze habari ya mfuko wa saruji.

Sisi tunaoishi Tanga tuna bahati ambayo mikoa mingi haina. Ukitoka Raskazone asubuhi, ukapita mjini na kushika njia ya Korogwe, hata chai haijatulia tumboni umekwisha kufika Pongwe, kwenye kiwanda kilichoanza kutoa saruji mwaka 1980. Maweni nako kuna kiwanda kingine, kilichojengwa na kampuni ya Athi River Mining ya Kenya kisha kikanunuliwa na kampuni ya Huaxin ya China. Mawe ya chokaa tunayakanyaga kila siku. Hata hivyo, mwalimu mkuu ambaye kutoka uwanja wa shule yake anauona moshi wa kiwanda, siku anapopewa fedha za kujenga darasa, mara nyingi saruji anakwenda kuinunua dukani, kwa bei ile ile anayotozwa mtu anayejenga choo cha nyumbani kwake.

Mkoa wetu una halmashauri 11. Iko Jiji la Tanga, iko miji ya Korogwe na Handeni, halafu ziko halmashauri za wilaya za Korogwe, Handeni, Muheza, Mkinga, Pangani, Lushoto, Bumbuli na Kilindi. Kila moja ina mkurugenzi wake, kitengo chake cha ununuzi na bodi yake ya zabuni. Barabara za mitaa na vijiji zilihamishiwa TARURA mwaka 2017, lakini madarasa, zahanati, vituo vya afya, masoko na vituo vya mabasi vimebaki mikononi mwa halmashauri. Kwa hiyo hawa ni wateja 11 ambao kila mwaka wanahitaji vitu vile vile: saruji, nondo, bati, mbao na rangi. Na kila mmoja anakwenda sokoni peke yake.

Je, wasinunue pamoja? Nadhani wengi watajibu haraka kwamba inafaa. Mimi pia nasema inafaa. Lakini swali lenye uzito ni lile linalofuata: wakinunua pamoja, wanunue kwa masharti gani, na nani awasimamie? Hapo ndipo fedha ya umma inapopona au inapopotea.

Tukumbuke kwanza yaliyotokea mwaka 2021. Mwezi Oktoba mwaka ule Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa kutumia mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa ajili ya ustawi wa taifa na mapambano dhidi ya UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya vyumba vya madarasa 15,000, yaani 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi. Kila chumba kilitengewa shilingi milioni 20. Waziri wa TAMISEMI wakati huo alikuwa Ummy Mwalimu, ambaye pia alikuwa Mbunge wetu wa Tanga Mjini. Agizo lilikuwa kwamba vyumba viwe tayari watoto wa Kidato cha Kwanza watakapofungua shule Januari 2022.

Vyumba vilijengwa, na watoto waliingia. Jambo hilo si dogo, wala sitaki kulibeza. Lakini hebu tulitazame soko la miezi ile. Halmashauri 184 za nchi nzima ziliingia madukani kwa wakati mmoja, zote zina fedha mkononi, zote zina tarehe ya mwisho, na muuzaji anaijua tarehe hiyo. Mnunuzi mwenye haraka hana ubavu wa kupatana bei. Na wengi walijenga kwa utaratibu tuliouzoea kuuita fosi akaunti, ambao halmashauri au shule inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi wa kawaida ufundi wake. Ni utaratibu mzuri kwa gharama ya ujenzi, maana hakuna faida ya mkandarasi ndani yake. Udhaifu wake ni kwamba unamfanya kila mwalimu mkuu kuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi kwa miezi mitatu. Mwalimu wa hesabu au jiografia anapambana na muuza nondo ambaye kazi hiyo ameifanya miaka ishirini.

Isitoshe, wauzaji wa saruji si wengi. Novemba 2020 bei ya saruji ilipanda ghafla nchini hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akawaagiza wakuu wa mikoa wachunguze sababu. Mwaka 2021 wenye saruji ya Twiga walitangaza nia ya kununua hisa kubwa za kiwanda chetu cha Simba hapa Pongwe. Shauri likafika Baraza la Ushindani, ambalo mwaka 2022 lilibatilisha idhini iliyokuwa imetolewa, maana watu walihofu kwamba Twiga na Simba wakiwa wa mwenye mali mmoja, sisi wanunuzi tutabaki kama kuku kati ya mwewe wawili. Mnunuzi huo ulikuja kukamilika baadaye, na mwaka 2024 hisa hizo zikauzwa tena, safari hii kwa kampuni ya Amsons ya hapa hapa nchini. Nataja habari hii kwa sababu moja tu. Pale wauzaji wanapokuwa wachache na wakubwa, mnunuzi mdogo mdogo hana sauti. Halmashauri ya Pangani ikienda peke yake kiwandani kuomba nafuu kwa mifuko elfu mbili, atasikilizwa nani?

Sasa tupige hesabu ya mfano. Tuseme halmashauri zote 11 kwa mwaka mmoja zinahitaji mifuko 40,000. Tuseme tena kwamba kwa kuagiza kwa pamoja zinapata nafuu ya shilingi 1,000 tu katika kila mfuko. Hiyo ni shilingi milioni 40. Kwa makisio ya mwaka 2021, hayo ni madarasa mawili mazima, yamepatikana bila kumwongezea mwananchi hata senti moja ya ushuru. Na hapo hatujagusa bati wala nondo.

Wala jambo hili si geni kwetu kama wengine wanavyodhani. Tangu mwaka 2007 tunao Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini, GPSA, ambao kazi yake mojawapo ni kuingia mikataba maalumu na wauzaji wa vitu vinavyotumiwa na ofisi nyingi za umma. Bei hupatanwa mara moja, kisha kila ofisi huagiza kinachoihitaji. Mfano wa karibu zaidi uko kwenye dawa. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Kwa kuwa mara nyingine bohari haina dawa fulani, mwaka 2014 Mkoa wa Dodoma ulianza mfumo unaoitwa Jazia. Halmashauri za mkoa kwa pamoja zinamchagua mfanyabiashara mmoja, anayeitwa mshitiri, na zinapatana naye bei. Zahanati ikikosa dawa bohari, inaagiza kwa mshitiri kwa bei iliyokwisha kuandikwa. Mfumo huo ukaenea mikoa mingine ya Tanzania Bara. Kama halmashauri zinaweza kukaa meza moja kwa ajili ya dawa ya malaria, hazishindwi kukaa meza hiyo hiyo kwa ajili ya saruji.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo wapenda mambo ya haraka watakapotaka niishie. Siishii hapo, kwa sababu ununuzi wa pamoja una milango miwili ya nyuma, na yote miwili inapitika kirahisi.

Mlango wa kwanza mimi nauita kudandia. Sote tunajua kudandia ni nini. Lori limepakia mzigo wa mtu, linapita polepole kwenye kilima, kijana anaruka nyuma na kuning'inia. Hakulipa nauli, dereva hana habari naye, na likipinduka jina lake halimo kwenye karatasi yoyote. Katika ununuzi, kudandia kunakuwa hivi. Halmashauri moja imetangaza zabuni, ikashindanisha watu, ikapata muuzaji na kutia saini. Halmashauri ya pili, ambayo haikutangaza chochote, inasema: "Na sisi tutanunua kwa mkataba ule ule." Halafu ya tatu nayo inafuata. Muuzaji aliyeshinda zabuni ya mifuko elfu tano anajikuta ana kazi ya mifuko elfu hamsini bila kushindana na mtu kwa hiyo elfu arobaini na tano. Angeijua mapema, huenda angetoa bei ya chini zaidi. Na wenzake wakubwa, ambao hawakuomba kwa sababu waliona mzigo ni mdogo, wangeomba.

Sheria zetu za ununuzi zinakataza kuikata zabuni kubwa vipande vipande ili kukwepa ushindani. Kila mkurugenzi analijua katazo hilo, na wakaguzi huliangalia sana. Kudandia ni kosa lile lile lililogeuzwa upande wa pili. Badala ya kuukata mzigo mkubwa uonekane mdogo, unautangaza mdogo halafu unaukuza gizani.

Mambo haya yamekwisha kuwafikisha wenzetu mahakamani. Kule kaskazini ya Italia, taasisi ya afya ya eneo la Ziwa Garda iliingia mkataba wa usafi na uzoaji taka mwaka 2011, wa kwenda hadi mwaka 2021. Ndani ya mkataba mlikuwa na kifungu kinachoruhusu taasisi nyingine kujiunga baadaye. Mwishoni mwa mwaka 2015 taasisi ya Valcamonica ikaamua kujiunga bila kutangaza zabuni yake. Kampuni ya usafi ya Coopservice ikalalamika, na mamlaka ya ushindani ya Italia nayo ikapinga. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo ilitoa uamuzi tarehe 19 Desemba 2018. Mahakama haikukataza kununua pamoja, wala haikusema kila mnunuzi lazima awe ametia saini siku ya kwanza. Ilichosema ni kwamba wanaoweza kununua wajulikane tangu mwanzo, na kiasi cha juu kitakachonunuliwa kiandikwe tangu mwanzo. Kiasi hicho kikifika, mkataba umekwisha kazi yake.

Naupenda uamuzi huo kwa sababu hata mtu asiyesoma sheria anauelewa. Mwenye duka la Ngamiani naye angeamua hivyo hivyo. Akikupa bei ya jumla kwa magunia kumi, hatakubali kila jirani yako aje na jina lako mdomoni. Na wewe nawe hutakubali akuuzie magunia mia kwa bei ya kumi.

Kwa hiyo kama halmashauri za Tanga zitanunua pamoja, tangazo la zabuni litaje majina yote 11, au yale yatakayokuwemo, na mbele ya kila jina iandikwe idadi. Si makisio ya mezani. Idadi hiyo itoke kwenye bajeti zilizopitishwa na mabaraza ya madiwani. Lushoto ikisema inataka mifuko 6,000, diwani wa Lushoto awe anajua ni ya vyumba gani na katika kata zipi. Halmashauri isiyomo kwenye orodha isubiri mwaka ujao. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma zinapitia mfumo wa kielektroniki uitwao NeST, kwa hiyo kuandika majina na idadi si kazi ya kuchosha. Mashine haichoki. Anayechoka ni binadamu, hasa pale anapotaka kuchoka.

Mlango wa pili wa nyuma ni mpana zaidi. Ni ule wa kuchanganya vifaa na ujenzi wenyewe.

Mfuko wa saruji ni mfuko wa saruji, uwe Mkinga au Kilindi. Kilo 50 ni kilo 50, na alama ya nguvu yake, 32.5 au 42.5, imepigwa chapa kwenye karatasi. Kitu cha namna hiyo kinaweza kununuliwa kwa pamoja kwa sababu kinaweza kupimwa na mtu yeyote popote. Jengo si hivyo. Darasa la hapa Raskazone, karibu na bahari, linapigwa na upepo wa chumvi unaokula bati na misumari. Darasa la Lushoto linasimama kwenye mteremko wa Usambara, na kabla hujaanza msingi itakulazimu uchimbe mlima kupata kiwanja. Mahali pengine udongo ni wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Mkandarasi anayepewa "madarasa 30 ya Mkoa wa Tanga" kwa mkataba mmoja na bei moja, atafanya mambo mawili. Atapandisha bei yote kufidia viwanja vigumu, au atajenga vizuri penye barabara ya lami na vibaya kule ambako mkaguzi hafiki bila kulala njiani.

Wenzetu wa Kenya wametuonyesha namna neema ya pamoja inavyoweza kugeuka mzigo. Mwaka 2015 serikali yao kuu iliingia mikataba ya kukodi vifaa vya hospitali kwa niaba ya kaunti zote 47. Nia ilikuwa njema: mashine za figo, za eksirei na za chumba cha upasuaji zifike kila kaunti. Mwanzoni kila kaunti ilikatwa shilingi za Kenya milioni 95 kwa mwaka, na baadaye kiasi hicho kikapanda hadi milioni 200. Kiwango kilikuwa kimoja kwa wote. Lamu, yenye watu wachache visiwani, ilikatwa sawa na Nairobi. Kukawa na hospitali zilizopelekewa mashine kabla ya kuwa na jengo la kuziweka, nyingine hazina umeme wa kutosha, nyingine hazina mtaalamu wa kuzitumia. Mashine zikakaa na makato yakaendelea. Magavana walilalamika kwamba hata mikataba yenyewe hawakuionyeshwa vya kutosha, na mwaka 2020 kamati maalumu ya Seneti ikautolea mpango huo taarifa kali.

Kosa halikuwa kununua kwa pamoja. Kosa ni kwamba aliyeamua hakuwa yule anayelipa, na anayelipa hakuwa na haki ya kukataa. Sisi Watanzania hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa hilo. Wenye umri wanakumbuka saruji ya kibali. Miaka ya mwanzo ya 1980, wakati wa uhaba, mtu alikuwa anaishi mjini Tanga, kiwanda kipo Pongwe, na bado mfuko mmoja wa saruji ulihitaji karatasi yenye mhuri wa ofisi. Vitu vilipitia mkono mmoja ili vigawiwe kwa haki. Tunajua mkono ule ulivyokuja kugawa. Serikali za mitaa zenyewe zilikuwa zimefutwa mwaka 1972. Zilirejeshwa kwanza mijini mwaka 1978, kisha wilayani mwaka 1984, na sababu mojawapo ya kuzirejesha ilikuwa kwamba maamuzi ya mbali yalishindwa kuona tundu la paa la zahanati. Ununuzi wa pamoja usiwe njia ya kuzifuta tena kwa mlango wa uani.

Basi mstari uchorwe waziwazi: vifaa vinunuliwe kwa pamoja, ujenzi kila halmashauri ibaki nao, kwa zabuni yake au kwa mafundi wake. Mtu akileta hoja kwamba ujenzi nao uingizwe humo kwa ajili ya kuokoa muda, aulizwe muda wa nani.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni nauli. Lori la tani 30 linabeba mifuko 600. Lori hilo likitoka Pongwe kwenda Muheza ni safari ya asubuhi. Likienda Bumbuli au Songe kule Kilindi ni habari nyingine, na wakati wa mvua ni habari nyingine kabisa. Sasa bei ya mkataba iwe ya kiwandani, kila mmoja ajilipie usafiri? Au iwe bei moja mpaka shuleni kwa wote? Ikiwa moja kwa wote, maana yake Jiji la Tanga linamchangia Kilindi nauli. Mimi sioni vibaya, maana Kilindi ni ndugu zetu na mapato yao si kama ya jiji lenye bandari. Lakini liamuliwe na madiwani wa jiji kwa kujua, lisifichwe ndani ya bei. Mchango ukifichwa, siku moja diwani atagundua kwamba mfuko dukani mtaani kwake ni wa bei nafuu kuliko ule wa mkataba, na mpango wote utaonekana ni wizi hata kama si wizi.

Na wale wenye maduka ya vifaa? Hili sina jibu jepesi kwake. Duka la vifaa vya ujenzi pale Muheza au Pangani linaishi kwa wateja wachache, na halmashauri ni mteja mkubwa kuliko wote. Ukiwaondolea halmashauri kwa siku moja, wengine watafunga. Isitoshe, sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma itengwe kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni moja ya mkoa mzima itakwenda kwa mwenye malori na mtaji, na kikundi cha akina mama cha Mkinga kitabaki kusoma tangazo. Nafuu ya shilingi elfu moja kwa mfuko ina thamani, lakini fedha inayozunguka Pangani nayo ina thamani.

Njia mojawapo ni kukubali kwamba si kila kitu kiingie kwenye kapu la pamoja. Saruji na nondo, ambazo hutoka viwandani na bei yake inashikwa na wakubwa, ziingie. Kokoto, mchanga, matofali, milango na madirisha visiingie. Mchanga unachimbwa pale pale na madirisha yanachomelewa na vijana wa pale pale. Hata usafirishaji kutoka bohari ya wilaya kwenda vijijini unaweza kuachiwa wenye magari madogo na vikundi. Atakayebisha kwamba hilo linapunguza nafuu, ana haki. Mimi ningechukua nafuu ndogo inayobakiza watu kazini.

Sasa tufike shuleni, mahali mfuko unaposhushwa. Kwa utaratibu wa fosi akaunti shule huwa na kamati ya ujenzi, kamati ya ununuzi na kamati ya mapokezi. Ndani yake wamo walimu na wananchi wa kijiji au mtaa. Mwalimu mkuu anaponunua dukani mwenyewe, kamati ya mapokezi ina nguvu: bati la geji 30 likiletwa badala ya geji 28, mzee mwenye uzoefu analishika, analikunja kwa mkono na kusema rudisha. Muuzaji atarudisha kwa sababu bado hajalipwa.

Ununuzi wa pamoja unaweza kuivunja nguvu hiyo bila mtu yeyote kukusudia. Lori linakuja limetumwa na "mkoa". Dereva ana karatasi ya kutia saini na anataka kuondoka kabla giza halijaingia. Mzee anaona mifuko kadhaa imeganda, pengine ilikaa sana kwenye unyevu, anaambiwa: "Hii imekwisha kulipwa Tanga." Atafanya nini? Atatia saini. Saruji iliyoganda itapondwa na kuchanganywa, na watakaokaa chini ya lenta hiyo ni wajukuu zake.

Kwa hiyo kifungu ambacho mimi nakiona ni kikubwa kuliko vyote katika mkataba wa namna hiyo ni kwamba muuzaji asilipwe hata shilingi moja kwa mzigo wowote mpaka kamati ya mapokezi ya mahali ujenzi ulipo iwe imetia saini ya kuukubali. Kamati iwe na haki ya kukataa mfuko mmoja au lori zima, na muuzaji alazimike kubadilisha kwa gharama yake ndani ya siku zilizotajwa. Asipobadilisha, halmashauri iruhusiwe kununua kwingine na kumkata tofauti. Mkurugenzi wa halmashauri inayoongoza zabuni, tuseme ni Jiji la Tanga, asiwe na uwezo wa kumlipa mtu kwa niaba ya Korogwe. Kila mmoja ashike mfuko wake wa fedha. Tumekubaliana kupatana bei pamoja, hatukukubaliana kupeana funguo za sanduku.

Na anayesimamia ni nani? Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma ipo, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali yupo, na Bunge lina kamati yake ya hesabu za serikali za mitaa. Lakini mkaguzi hufika wakati paa limekwisha kuezekwa, na kila mmoja hukagua halmashauri moja moja. Mkataba wa halmashauri 11 unaweza kukaguliwa mara 11 bila mtu hata mmoja kuutazama wote kwa pamoja. Pangani hesabu zake safi, Handeni safi, na ule uchafu upo kwenye jumla ambayo haiko kwenye kitabu cha mtu yeyote. Mkataba wa pamoja uwe na hesabu ya pamoja: uliagiza nani, mingapi, imebaki mingapi, na ipelekwe katika kila baraza la madiwani kila robo mwaka, jumla yote, si fungu la halmashauri hiyo peke yake.

Ndugu msikilizaji, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na kabla ya hapo kila halmashauri inakaa kikao cha bajeti. Vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi, na mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Aliye na diwani anayemfahamu, amwulize mapema kama kata yake inatarajia kujenga, inahitaji mifuko mingapi, na itanunuliwa wapi. Na ikitokea kwamba halmashauri zetu zinakubali kununua pamoja, aombe jambo moja dogo lisilogharimu kitu. Ukurasa mmoja wa mkataba, wenye jina la muuzaji, bei ya mfuko, alama ya nguvu ya saruji na idadi ya mifuko ya shule hiyo, ubandikwe ukutani shuleni kabla lori la kwanza halijafika.